Askari Naye Ana Moyo: Tumsikilize Vipi?



Chama chetu kina jambo la kuamua kabla ya muhula huu kwisha. Kuna pendekezo kwamba katika mazungumzo yetu ya Meza ya Kiswahili tumwalike mzee mmoja anayeishi hapa mjini, askari polisi mstaafu kutoka Afrika Mashariki, aje atueleze kazi yake na jinsi alivyoishi na mambo aliyoyaona. Wengine wameliunga mkono. Wengine wamesema wazi kwamba siku hiyo hawatakuja. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka aje, na nimeona nieleze sababu zangu kwa maandishi, kwa maana kwenye kikundi chetu cha WhatsApp maneno yalikuwa mengi na makali, na hoja zilikuwa chache.

Kwanza niwatendee haki wanaopinga. Wapo kati yetu ambao wazazi wao walitoka mashariki ya Kongo, na kwao mtu mwenye sare na bunduki ni mtu wa kumkimbia. Wapo wenye jamaa Nairobi walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wakati vijana walipopigwa risasi na baadhi yao wakafa. Wapo waliosimamishwa na kupekuliwa hapa hapa Uingereza wakitoka shuleni na begi la vitabu. Mwenzetu mmoja aliandika: "Waliotuumiza ndio tuwape pole?" Swali hilo ni zuri na sitalikwepa. Lakini kabla ya kulijibu, nataka tuangalie kwanza jinsi askari wanavyozungumza kuhusu hisia baada ya kuona mambo mazito, maana nadhani wengi wetu tunalielewa vibaya.

Watu husema askari hawazungumzi kuhusu hisia. Mimi nadhani wanazungumza sana, ila kwa lugha ambayo hatujafundishwa kuisikia.

Lugha ya ripoti

Waliosoma Kiswahili mwaka wa pili hapa wanalikumbuka somo la kauli ya kutendwa. Tulipewa habari za magazeti tupigie mstari vitenzi vyote vyenye -w-. Habari zilizotoka kwa polisi ndizo zilizojaa mistari kuliko zote. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini kila msomaji wa magazeti ya Tanzania ataitambua sauti yake: "Majira ya saa 11 alfajiri, mwili wa mtu mmoja wa jinsia ya kiume, anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 30, ulikutwa kando ya barabara na kupelekwa hospitali kwa uchunguzi zaidi."

Ulikutwa na nani? Ulipelekwa na nani? Kulikuwa na mtu aliyeshika tochi, akapiga magoti kwenye umande, akapapasa shingo kuona kama kuna uhai, akatafuta kitambulisho mfukoni, akakuta labda picha ya mtoto. Baadaye mtu huyo huyo alibisha hodi nyumbani kwa marehemu na kutafuta maneno ya kumwambia mama. Katika sentensi ile hayumo.

Siilaumu ripoti. Mahakama inahitaji saa, mahali na hali ya mwili. Haihitaji kujua kama mikono ya konstebo ilitetemeka. Shida inaanza pale mtu anapoitumia lugha hiyo miaka 20, halafu anarudi nayo nyumbani kama sare aliyosahau kuivua.

Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983, alionyesha kwamba kuna kazi ambazo mtu hulipwa pia ili azitawale hisia zake. Wahudumu wa ndege hutakiwa watabasamu hata abiria akiwatukana, na wakusanya madeni hutakiwa wawe wakali hata wakimwonea huruma mdaiwa. Askari anafaa kuongezwa kwenye orodha hiyo. Saa 3 anatakiwa awe mpole kwa mtoto aliyepotea, saa 4 awe mkali kwa mlevi mwenye kisu, na kote huko aonekane hana hofu. Akitoka zamu hakuna anayemwambia: sasa unaweza kuogopa.

Utani bila matanga

Lugha ya pili ni mzaha. Askari, kama wauguzi na wazima moto, wanajulikana kwa mizaha ambayo mtu wa nje akiisikia anashtuka. Wanacheka juu ya ajali, wanacheka juu ya chumba cha maiti. Ni rahisi kusema hawana utu.

Lakini sisi Waswahili tusiwe wa kwanza kushangaa. Tanzania kuna utani wa makabila, na mahali mmojawapo ambapo utani huo hufanya kazi yake ni msibani. Mtani anaweza kumwigiza marehemu alivyotembea, au kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na machozi yangali usoni. Hakuna anayesema mtani hana huruma. Kila mtu anajua anawasaidia wafiwa kupumua.

Tofauti ni hii. Msibani utani una ndugu zake: kuna kilio, kuna dua au nyimbo, kuna majirani wanaopika, kuna siku za kukaa mkekani bila kuulizwa utarudi kazini lini. Askari amebaki na utani peke yake. Matanga hana, kwa sababu marehemu si wake. Alimbeba, alimfunika, alimwandika jina, lakini si wake. Kesho saa 12 asubuhi zamu nyingine inamsubiri.

Niko sawa, ila

Lugha ya tatu ni mwili. Hapa nitamtaja baba yangu, ambaye ameniruhusu kuandika haya kwa sharti nisitaje jina lake wala kituo chake. Alikuwa askari polisi Nairobi kabla ya kuhamia Uingereza. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu, alikuwa miongoni mwa waliopelekwa pale. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam, ambako ubalozi wa Marekani ulishambuliwa asubuhi hiyo hiyo, walikufa 11. Maelfu walijeruhiwa.

Nimemsikia baba akisimulia siku hiyo labda mara 4 maishani mwangu. Husimulia hivi: tulifika, tulizuia watu, tulibeba, tulipokezana mpaka usiku. Daima ni tu-. Sijawahi kusikia ni-. Hasemi "niliogopa", hasemi "nililia". Neno pekee linalorudi kila mara ni vumbi. Jirani yetu alipovunja ukuta wa jiko lake ili alipanue, baba alihamia kwa baba mdogo wiki nzima. Alisema kelele zinamsumbua. Mama alituambia ni ile harufu ya saruji.

Miaka 2 iliyopita nilimsindikiza kwa daktari ili nimtafsirie. Daktari alimpa hojaji yenye maswali 9, ambayo hutumika sana hapa kupima sonona. Kila swali lilihusu wiki 2 zilizopita. Nilipomuuliza kuhusu huzuni na kukata tamaa, baba alijibu: "Mimi sina mambo hayo." Tulipofika kwenye swali la usingizi, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Hilo ndiyo. Tangu zamani." Akaongeza kwamba kifua humbana alfajiri, na kwamba kichwa huwa kizito kila Agosti.

Mtu angeweza kuisoma hojaji ile na kusema huyu hana tatizo la hisia, ana tatizo la usingizi. Lakini katika Kiswahili cha wazee wetu mwili ndio unaoibeba habari ya moyo. Tunasema moyo mzito, roho inadunda, tumbo joto, damu imenichemka, mwili umenisisimka. Baba alimjibu daktari kwa ukamilifu kabisa, kwa lugha yake. Kazi ya mkalimani ilikuwa kumweleza daktari kwamba lile "hilo ndiyo" lilikuwa jibu la maswali mengine pia.

Tena tazameni salamu zetu. Ukimuuliza Mswahili habari za nyumbani, atakujibu "nzuri" hata kama kuna mgonjwa ndani. Adabu inamtaka aanze na nzuri. Ukweli unakuja baadaye, baada ya neno dogo: "Nzuri, ila mama hajambo kidogo tu." Mtu mwenye haraka huondoka na ile "nzuri". Anayejua desturi husubiri "ila". Nadhani askari nao wako hivyo. Ukimuuliza konstebo wa Nairobi au wa Leeds baada ya ajali mbaya, atakwambia yuko sawa. Swali ni kama kuna mtu aliyebaki pale kuisubiri "ila" yake.

Kenya tuna msemo wa kumfunga mtu mdomo kabla hajaifikia: jikaze kisabuni. Huambiwa mtoto aliyeanguka, mwanafunzi aliyefeli, mwanamume aliyefiwa. Katika kituo cha polisi msemo huo ni kama amri ya kazi.

Maneno yaliyofutwa Hillsborough

Labda mtu atasema hayo ni mambo ya nyumbani kwetu, na kwamba hapa Uingereza watu wameendelea. Basi tutazame kisa kimoja cha hapa hapa.

Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool waliokuja kutazama nusu fainali ya Kombe la FA walibanwa ndani ya vizimba nyuma ya goli. Waliokufa kutokana na mkasa ule ni watu 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021 baada ya kuishi na majeraha yake miaka 32. Askari wengi wa kawaida walikuwa pale. Waliwatoa watu kwenye uzio, walijaribu kuwapulizia hewa, waliwabeba juu ya mbao za matangazo pamoja na mashabiki.

Baadaye askari wa South Yorkshire waliambiwa wasiandike kwenye daftari zao za kazi kama ilivyo kawaida, bali waandike kumbukumbu zao kwenye karatasi tupu. Baadhi yao waliandika kila kitu: walichokiona, walivyojisikia, na jinsi walivyoona hakuna aliyekuwa anaongoza. Kisha kumbukumbu hizo zikapitiwa na kurekebishwa. Mwaka 2012 jopo huru lililochunguza nyaraka za Hillsborough lilieleza kwamba maelezo 164 yalibadilishwa, na kwamba katika 116 kati ya hayo yaliondolewa au kugeuzwa maneno yasiyopendeza kuhusu jeshi lile la polisi. Miaka mingi mashabiki walibebeshwa lawama. Ni mwaka 2016 tu ndipo baraza la mahakama ya uchunguzi wa vifo liliposema kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Naomba tukitafakari kisa hiki vizuri, kwa sababu ndicho kiini cha hoja yangu. Askari aliyeandika kwamba alichanganyikiwa kwa kuwa hakupata amri yoyote alikuwa anaeleza hisia na kutoa ushahidi kwa sentensi moja. Ukifuta hofu yake, umefuta pia kosa la mkubwa wake. Lugha safi ya ripoti, isiyo na mtu anayetetemeka ndani yake, inaweza kuwa lugha ya uongo.

Kisa hicho kina upande mwingine. Baadhi ya askari wale walifungua kesi wakidai fidia kwa ajili ya maradhi ya akili yaliyowapata. Desemba 1998, Mahakama ya juu ya Baraza la Malodi iliwakatalia. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba ndugu wa marehemu nao walikuwa wamekataliwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 1991, na isingekuwa haki askari wapate wakati wafiwa walikosa. Naielewa hoja hiyo. Lakini tazameni matokeo yake: wafiwa wale walikataliwa, askari wale walikataliwa, na maumivu ya pande zote mbili yakapimwa kana kwamba yanagombea kiti kimoja.

Kusema si kulazimishwa

Baada ya haya mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ni kuwakalisha askari chini mara tu baada ya tukio na kuwaambia waseme yote. Hilo lilijaribiwa. Kuanzia miaka ya 1980 ilienea desturi ya kuwakusanya waliokuwa kwenye tukio baya, siku chache baadaye, na kuwapitisha katika kikao kimoja cha kueleza walichokiona na walichohisi. Nia ilikuwa njema. Lakini tafiti zilipokusanywa na kulinganishwa, ilionekana kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa wa kiwewe, na kuna dalili kwamba kwa baadhi ya watu kinaweza hata kuongeza madhara. Mwaka 2005 miongozo ya tiba ya Uingereza ilishauri kisifanywe kama utaratibu wa kila mtu.

Bibi zetu wasingeshangaa. Mfiwa haulizwi maswali siku ya kwanza. Watu huja, hukaa, huleta sukari na mchele, husema pole na kunyamaza. Kuzungumza huja kwa wakati wake.

Majeshi mengi ya polisi hapa sasa hutumia njia iliyoanzia kwa wanajeshi wa majini wa Uingereza, inayojulikana kwa kifupi kama TRiM. Askari wa kawaida, si daktari, hufundishwa kumfuatilia mwenzake aliyepitia jambo zito. Huzungumza naye baada ya siku 3 hivi, kisha tena baada ya mwezi, na kuangalia kama hali inatulia au inazidi. Ikizidi, humwelekeza kwa wataalamu. Ninaipenda njia hii kwa sababu mbili. Anayeuliza anaijua kazi, kwa hiyo utani na lugha ya ripoti havimbabaishi. Na anarudi. Anaisubiri ile "ila".

Bado hofu kubwa inabaki: nikisema, nitafanywa nini? Askari anajiuliza kama atanyang'anywa silaha, kama atakosa cheo, kama jina lake litazungushwa kantini. Nchini Kenya hofu hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, kwani sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hebu fikirini, askari aliyetakiwa kuwakamata watu kwa kosa hilo angemwambia nani kwamba yeye mwenyewe amewaza hivyo?

Na gharama ya ukimya haimwangukii askari peke yake. Desemba 2021 askari mmoja jijini Nairobi alimpiga risasi mkewe na watu wengine kadhaa, kisha akajiua. Siwezi kusema nini kilikuwa moyoni mwake, na sitajifanya ninajua. Najua tu kwamba baada ya visa kama hicho Wakenya walianza kuzungumza waziwazi kuhusu afya ya akili ya polisi, na kwamba lilikuwa moja ya mambo yaliyozungumziwa na jopokazi la mageuzi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililotoa ripoti yake mwaka 2023. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya yakifichwa, kifo hakimchukui aliyeyaficha pekee.

Je, tuwape pole waliotuumiza?

Sasa narudi kwa mwenzetu aliyeuliza. Jibu langu liko katika lugha yenyewe. Kwa Kiswahili, pole na msamaha ni vitu viwili. Pole ni kukiri kwamba jambo limemuuma mtu. Tunampa aliyefiwa, tunampa aliyejikwaa, tunampa hata anayetoka kazini amechoka. Pole haimfutii mtu deni. Unaweza kumwambia mtu pole asubuhi na kumpeleka mahakamani mchana.

Sisemi kila kipigo cha polisi kinatokana na kiwewe. Vipigo vingine vinatokana na amri kutoka juu, vingine na rushwa, vingine na ubaguzi, na vingi vinatokana na kujua kwamba hakuna atakayeuliza. Mtu akija kwenye meza yetu na kutuambia askari aliyempiga kijana risasi aachwe kwa sababu alikuwa na msongo wa mawazo, nitakuwa wa kwanza kumpinga. Msongo wa mawazo wa askari haumfufui kijana.

Lakini ninaogopa zaidi askari asiyejua kuitaja hofu yake. Katika vituo vingi hisia moja tu ndiyo yenye ruhusa, nayo ni hasira. Huzuni ni aibu, hofu ni udhaifu, majuto ni hatari mbele ya wakubwa. Basi kila kinachomjia lazima kipitie mlango huo mmoja, na anayesimama mbele ya mlango mara nyingi ni raia. Na kama tulivyoona Hillsborough, askari anayeruhusiwa kusema "niliogopa, hatukuwa na amri" ni shahidi dhidi ya uongozi mbovu. Anayejua kusema "tukio lilidhibitiwa" peke yake ni ukuta. Sisi tunaodai uwajibikaji ndio tunaopaswa kumtaka aseme ni-.

Wenzetu wa Kongo nawaambia kwa heshima: sina haki ya kuwaomba mkae chumba kimoja na mtu ambaye sare yake ya zamani inawakumbusha mliyoyakimbia. Atakayeamua kutokuja asilaumiwe na yeyote, wala asiombwe kujieleza. Ninachoomba ni kwamba wanaotaka kusikia wasizuiwe.

Ninavyopendekeza

Naomba mkutano mkuu uidhinishe mwaliko huo kwa masharti haya. Mgeni aje kwenye Meza ya Kiswahili, si jukwaani, na mazungumzo yasirekodiwe wala kupigwa picha. Asiulizwe "jambo baya kuliko yote uliloliona ni lipi?" Swali hilo linamgeuza mtu kuwa sinema. Aulizwe kazi ilikuwaje, nani alimsaidia, nini kilikosekana. Aambiwe mapema kwamba ataulizwa pia kuhusu nguvu na makosa ya polisi, na kwamba hisia zake hazitakuwa kinga ya maswali hayo. Akikataa sharti hili la mwisho, basi asije, na nitakubaliana nanyi. Na akisema "hilo tuliache", tuliache.

Kwa walimu wetu nina ombi tofauti. Tunajifunza majina ya matunda, ya samani na ya sehemu za gari. Wengi wetu tulizaliwa au tulikulia hapa, na Kiswahili chetu ni cha jikoni: tunaweza kuomba chumvi, lakini hatuwezi kumtafsiria mzazi anapoulizwa kuhusu moyo wake. Tupeni masomo machache ya msamiati huo. Kiwewe, sonona, mfadhaiko, majonzi, majuto, msongo wa mawazo: maneno haya yanatofautianaje, yapi yanaeleweka Mombasa, yapi Dodoma, yapi Lubumbashi? Mzee akisema kifua kinambana, tumuulize nini baadaye? Baadhi yetu tutakuwa wakalimani, wauguzi, mawakili. Wengine, nani ajuaye, watakuwa askari.

Baba yangu hatakuwa mgeni wa siku hiyo. Nilimuuliza kama angependa, akacheka na kusema yeye hana la kusema. Kisha akaniuliza mazungumzo yataanza saa ngapi, na kama ni lazima mtu ajiandikishe.